Asilimia 12 ya nini?

Ndugu watumikaji, na ninyi mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Wiki chache zilizopita kapita mmoja wa timu ya usafi aliingia dispensere akibeba bidoni ya lita 20, akaitua chini mbele yangu. "Dokta," akasema (mimi si daktari, ni msaidizi wa mganga, lakini jina hilo limekwisha kunishika na nimechoka kulikataa), "hii ni javeli ya kumi na mbili. Tuitie maji vikombe vingapi?"

Nikamwuliza: kumi na mbili ya nini?

Akacheka. Alifikiri namtania. Kwake yeye javeli ya kumi na mbili ni javeli ya kumi na mbili, kama vile msumari wa kumi ni msumari wa kumi. Basi tukaigeuza bidoni pamoja, tukatafuta karatasi ya kiwanda iliyobandikwa ubavuni. Sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na dawa yenyewe. Kilichobaki kilikuwa tarakimu 12, na mbele yake kiduara kidogo juu. Kiduara kile kingeweza kuwa alama ya digrii. Kingeweza pia kuwa jicho la kwanza la alama ya asilimia, ambayo nusu yake imekwisha kufutika.

Nataka leo niseme juu ya kiduara kile, kwa maana nimeona kwa macho yangu kinavyoweza kumwumiza mtu.

Mwaka 2019 Ebola ilikuwa katika Kivu ya Kaskazini. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Mangina, ikafika mjini Goma mwezi wa Julai 2019, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya elfu mbili na mia mbili. Kila mkaaji wa Goma wa miaka ile anakumbuka ndoo zenye bomba mlangoni mwa benki, kanisa na shule, na harufu ya klorini iliyoshika nguo hata siku ya kufua. Sheria ilikuwa nyepesi kushika: maji ya mikono ni 0,05, maji ya viatu na sakafu ni 0,5.

Wakati ule nilitumika mahali pengine, si katika kampuni hii. Ukutani tulikuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri: kikombe kimoja cha javeli, vikombe sita na nusu vya maji. Karatasi ilikuwa ya kweli kwa javeli tuliyokuwa tukiipata, ile ya digrii 12. Siku moja duka letu la kawaida likaishiwa, zikaletwa bidoni kutoka kwa mwuzaji mwingine. Hizo zilikuwa za viwandani, asilimia 12 na nusu kwa uzito. Mama aliyesafisha alifuata karatasi ya ukutani bila kuongeza wala kupunguza. Alisafisha chumba chenye dirisha moja. Kabla ya saa sita alikuwa amekaa nje juu ya jiwe, anakohoa, macho mekundu, ngozi katikati ya vidole imechunika. Alikohoa siku tatu. Maji aliyopanguzia sakafu yalikuwa na nguvu mara nne ya yale yaliyotakiwa.

Niliyesaini kupokea bidoni zile ni mimi. Nilisoma 12, nikaona inatosha.

Tangu siku ile sikubali tena namba isiyokuwa na jina. Namba ya nguvu ya dawa peke yake haisemi kitu, mpaka iseme imepimwaje. Jambo hili si la wanakemia tu. Mama yeyote wa soko la Virunga analijua kuliko mimi. Chukua kopo moja la maziwa ya unga, lile lile. Lijaze maharagi, ulipime kwa mzani. Lijaze unga wa muhogo, ulipime. Lijaze chumvi, ulipime. Kopo halikubadilika, ujazo ni ule ule, lakini uzito ni tatu mbalimbali: unga ndio mwepesi, chumvi ndiyo nzito. Sasa mtu akikuagiza uchanganye sehemu moja ya chumvi na sehemu tisa za unga, sharti umwulize: sehemu za kopo au sehemu za mzani? Ukifuata kopo na yeye alifikiri mzani, chumvi yako itakuwa karibu mara mbili. Katika chakula utatema mate na kucheka. Katika dawa huchekwi.

Dawa za maji zina njia tatu za kuhesabiwa kwa mia. Ya kwanza ni uzito kwa uzito: katika gramu 100 za dawa yote, gramu ngapi ni dawa tupu. Ya pili ni uzito kwa ujazo: katika mililita 100 za dawa yote, gramu ngapi. Ya tatu ni ujazo kwa ujazo: katika mililita 100, mililita ngapi. Lebo ya Kifaransa huandika m/m au p/p kwa ya kwanza, m/v au p/v kwa ya pili, na v/v kwa ya tatu. Lebo ya Kiingereza huandika w/w, w/v na v/v. Nazitaja zote kwa sababu bidhaa nyingi za Goma hupita Mombasa, Uganda na Rwanda, na katika depo moja utakuta bidoni ya Kifaransa imesimama karibu na ya Kiingereza. Herufi hizo mbili zenye mstari katikati ndizo za kutafuta, hata kabla ya namba.

Ukitaka kutoka njia moja kuingia nyingine, daraja ni moja: uzito wa lita moja ya dawa hiyo. Lita ya maji ni kilo moja. Hapo ndipo kosa letu linapozaliwa, kwa sababu tumezoea maji, na katika maji gramu na mililita ni mamoja. Lakini lita ya javeli kali ya viwandani ni karibu kilo 1,2. Lita ya asidi kali ya salfa ni kilo 1,84. Lita ya alkoholi tupu haifiki kilo, ni gramu 790 hivi. Hesabu yenyewe haina uchawi: asilimia ya uzito, zidisha kwa uzito wa lita katika kilo, unapata gramu katika kila mililita 100. Ile javeli iliyomchoma mama yetu ilikuwa 12,5 kwa uzito. Mara 1,2 ni 15. Maana yake gramu 15 za klorini katika mililita 100, au gramu 150 katika lita. Gawanya kwa vikombe vyote saba na nusu: gramu 20 katika lita. Tulitaka 5.

Na ile ya digrii 12? Hapa kuna mtego ambao hata wenye diploma huangukia. Digrii ya javeli si asilimia hata kidogo. Ni hesabu ya zamani ya Ufaransa, inayosema lita moja ya javeli inaweza kutoa lita ngapi za gesi ya klorini. Digrii 12 ni lita 12 za gesi. Lita moja ya gesi hiyo ina gramu 3,17. Kwa hiyo digrii 12 ni gramu 38 katika lita, yaani 3,8 kwa mia ya ujazo, na kwa uzito hupungua kidogo, karibu 3,6. Sasa linganisha: 12 ya digrii ina gramu 38 katika lita, 12 na nusu ya asilimia ina gramu 150. Wafaransa wenyewe waliona hatari hiyo, na mwaka 2001 waliacha kuandika digrii kwenye javeli ya nyumbani, wakaandika asilimia ya klorini. Lakini bidoni za zamani, karatasi za ukutani za zamani na vichwa vyetu vya zamani bado vinazungumza digrii.

Jambo la kushangaza kidogo: digrii ya javeli na digrii ya alkoholi zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja, mwanakemia Gay-Lussac wa Ufaransa, miaka mia mbili iliyopita. Neno ni moja, alama ni moja, maana ni mbili. Alkoholi ya digrii 90 ni mililita 90 za alkoholi katika mililita 100. Javeli ya digrii 90 haiko duniani. Na maji ya oksijeni tunayosafishia vidonda yana hesabu yake ya tatu: "volumu 10" maana yake lita moja hutoa lita 10 za oksijeni, na hiyo ni karibu asilimia 3. Ukisikia mtu anasema ya volumu 10 ni asilimia 10, mnyang'anye chupa.

Nije kwa mafundi wa batri, maana nao wananipa wagonjwa. Asidi ya batri iliyojaa umeme vizuri ina uzito wa kilo 1,28 kwa lita, na nguvu yake ni karibu 37 kwa mia. Ya uzito. Katika lita kuna gramu 474 za asidi tupu, kwa hiyo ukihesabu uzito kwa ujazo unapata 47. Na ukiuliza ni mililita ngapi za asidi kali ya duka, ile ya 98 m/m, zinazoingia katika lita hiyo, jibu ni 263, yaani 26 kwa mia ya ujazo. Ni maji yale yale, batri ile ile: 37, 47 na 26. Hakuna namba ya uongo kati ya hizo tatu.

Fundi aliyesikia "thelathini na saba" akachukua vikombe 37 vya asidi kali na vikombe 63 vya maji, amepima kwa kopo kitu kilichosemwa kwa mzani. Atapata asidi ya 51 kwa mia. Itachemka mbele ya uso wake, na bamba za batri hazitakaa siku nyingi. Tena akumbuke utaratibu ambao hauna msamaha: asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji, polepole, katika chombo kinachovumilia moto. Maji hayatiwi ndani ya asidi. Miwani ya kazi ivaliwe usoni. Iliyotundikwa shingoni haikingi jicho. Na nguvu ya asidi ihakikishwe kwa kile kipima-asidi cha kioo chenye mpira, ambacho kazi yake yote ni kupima uzito wa lita bila mzani. Batri nyingi za malori hapa mjini huongezewa asidi wakati zilipohitaji maji safi tu. Kipima-asidi kingewaambia.

Juu ya alkoholi nitasema machache, kwa sababu hapo watu wana maarifa mengi kuliko inavyopasa. Alkoholi ya kusafishia mikono inayotakiwa kuwa 70 kwa ujazo ni 62 tu kwa uzito. Ukiitengeneza, usijumlishe maji na alkoholi kama unavyojumlisha maji na maji: nusu lita ya alkoholi tupu na nusu lita ya maji hazifanyi lita moja, zinafanya karibu mililita 960, kwa maana vimiminika hivyo huingiliana. Ndiyo sababu maagizo ya dawa husema "ongeza maji hadi kufikia lita moja", hayasemi "ongeza maji kiasi fulani". Kwa kupata 70 kutoka alkoholi ya 95, chukua mililita 737, jaza maji hadi mstari wa lita. Kanyanga haisafishi mikono, maana hakuna anayejua ni digrii ngapi, hata aliyeipika. Na bia ya asilimia 5 ni kwa ujazo: chupa ya sentilita 72 ina mililita 36 za alkoholi, gramu 28. Anayeshuka shimoni asubuhi ajue gramu hizo hazikupotea usiku kucha kwa sababu chupa zilikuwa "za asilimia tano tu". Ahesabu chupa alizokunywa.

Sasa nyumbani. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu shimoni mtu mzima ana kofia na kapita, lakini nyumbani mtoto ana kikombe tu.

Goma inakaa juu ya mawe ya volkano na karibu na maji mengi, na bado maji safi ni taabu. Wengi wanachota ziwani. Kipindupindu hakijawahi kutuacha muda mrefu. Wazee wanakumbuka Julai 1994, kilipoua maelfu ya wakimbizi hapa hapa. Kwa hiyo kutia klorini katika bidoni ya maji ya kunywa si desturi ya wazungu, ni ulinzi. Watu wanaosimama ufukoni na sindano isiyo na ncha, wakitia dawa katika bidoni za wachotaji, huwa na maji ya klorini ya 1 kwa mia, yaani gramu 10 katika lita. Mililita 4 katika bidoni ya lita 20 zinaleta miligramu 2 kwa kila lita ya maji. Hicho ni kipimo cha kazi. Maji yenye matope yanahitaji zaidi, au afadhali yachujwe kwanza. Tena maji ya Ziwa Kivu yana namna ya magadi, pH yake ni karibu 9, na klorini hutumika polepole katika maji ya namna hiyo. Nusu saa iliyoandikwa katika vitabu ifanyeni saa nzima.

Mama asiye na dawa ya ufukoni anatumia javeli. Ikiwa ni ya digrii 12, mpya na isiyo na manukato, mililita 1 katika bidoni ya lita 20 huleta karibu kipimo kile kile cha miligramu 2. Mililita moja tu, kwa sindano, si kwa kifuniko. Lakini najua kwamba katika nyumba kadhaa za watumikaji iko chupa ndogo ya soda yenye javeli iliyotoka depo yetu. Sitauliza nani. Nitasema tu kwamba mililita moja ya javeli hiyo ina miligramu 150 za klorini, na bidoni yako itapata zaidi ya miligramu 7 kwa lita. Maji yatanuka kama sakafu ya hospitali. Hayatamwua mtoto, ila atayakataa, ataenda kwa jirani, au atainama ziwani na kunywa kwa mikono. Nimewahi kuongezea maji mshipani mtoto wa mtu aliyekuwa na javeli nyingi kuliko sisi wote. Na chupa ya soda isiyo na jina, juu ya meza, mtoto hataiuliza ina digrii ngapi.

Najua neno ambalo mkubwa mmoja wa depo atasema akisoma haya, kwa kuwa amekwisha kuniambia kwa mdomo: mtumikaji hahitaji hesabu, mpe kikombe chenye rangi na mstari, hesabu ibaki ofisini. Nusu ya neno hilo naikubali. Kikombe chenye mstari ni kitu kizuri, na sipendi mtu aliyetoka kazini saa kumi, amechoka, aanze kuzidisha 12,5 kwa 1,2. Lakini kikombe kinajua bidoni moja tu. Siku mwuzaji anapobadilika, kikombe hakijui, na karatasi ya ukutani haijui. Mwenye nafasi ya kujua ni yule anayeshika bidoni na kuisoma. Kumnyima maana ya anachosoma ni kumtuma gizani na taa imezimwa.

Tena kijiko si mzani. Unga wa klorini, ule wa HTH wenye 70 kwa mia, unatakiwa gramu 7 kwa lita ya maji ya sakafu, kwa kuwa 5 gawanya kwa 0,70 ni 7. Nilichukua mzani wetu mdogo wa dawa nikawaomba watumikaji watatu kila mmoja achote "kijiko kimoja". Wa kwanza alichota kwa adabu, wa mwisho alichota kama anayechota sukari ya serikali. Kijiko cha mwisho kilikaribia mara mbili ya cha kwanza. Wote watatu wangeapa kwamba wamefuata maagizo, na wangeapa kweli.

Ninayoomba si makubwa. Bidoni isitoke depo kabla ya mtu kuandika juu yake, kwa wino usiofutika, gramu za dawa katika lita moja. Gramu katika lita: si digrii, si asilimia. Kipimo hicho hakina mlango wa pili wa kuingilia kosa, na hesabu ya kukipata ifanyike mara moja, na mwenye mzani, siku bidoni inapoingia. Karatasi ya ukutani nayo iseme "kwa javeli ya gramu 38 katika lita", na bidoni isiyolingana na karatasi isitumike chini ya karatasi hiyo. Kila depo iwe na mzani wa jikoni. Bei yake haifiki ya sanduku la bia. Ukipima mililita 100 kwa chombo chenye alama, kisha ukaziweka juu ya mzani, umepata uzito wa lita, na umepata daraja. Kama lebo inasema 12 na kimiminika kinapima gramu 105 hivi kwa mililita 100, hiyo ni ya digrii. Kikikaribia gramu 120, hiyo ni ya asilimia. Ukumbuke pia kwamba javeli huzeeka: joto na jua huila, na ya mwaka jana haina nguvu iliyoandikwa hata kama uzito wake haukubadilika sana. Mzani unaonyesha ni ya aina gani, hauonyeshi kwamba bado ni nzima.

Mambo mawili ya dispensere kabla sijafunga. Javeli isikutane na asidi, wala ya batri wala ya kuondolea magadi vyooni, hata tone, hata katika ndoo iliyosuuzwa nusu: gesi ile ya klorini tuliyoihesabu kwa lita itatoka yote kwa mara moja, chumbani, na wewe umo. Na mtu akirukiwa machoni, maji. Maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa, si kwa kukisia, kope zimefunguliwa kwa vidole. Usitie maziwa, wala limau "kuua" javeli, wala javeli kuua asidi. Kisha aje kwangu, na bidoni ije naye.

Ile bidoni ya kapita niliipima mbele yake. Mililita 100 zilipima gramu 119. Tuliandika 150 ubavuni kwa herufi kubwa, akaondoka akisema atakuja na zile nyingine. Alileta tano. Mbili kati ya hizo hazina lebo kabisa, na uzito wao haulingani na javeli yoyote ninayoijua. Nimezifunga kamba nyekundu, zimo nyuma ya dispensere, na mwuzaji amekwisha kuandikiwa barua. Mpaka ajibu, asizifungue mtu.